Ukoko

Barua ya shule imekuja kwa simu,
simu ile ile niliyoikaza skrubu kiwandani
(au dada yake, zote ni sura moja):
Mzazi wa Khôi, darasa la nne.
Kilo hamsini na mbili. Tafadhali fikeni zahanati.

Nikamsomea mama mkwe.
Akavaa miwani, akataka niirudie ile namba.
"Hamsini na mbili," akasema polepole,
kama anayehesabu akiba.
"Mimi nilikuwa na thelathini na nane
siku namzaa baba yake,
na yeye akiwa bado tumboni."

Bibi Nhạn hatanii. Bibi Nhạn anakumbuka.
Miaka ile ya vijitabu vya mchele, Nam Định,
aliamka saa tisa usiku
akaweke tofali kwenye foleni,
tofali lenye jina lake kwa chokaa,
limsimamie mpaka duka lifunguliwe.
Siku moja mtu alilisogeza.
Hadi leo jina la mtu huyo analijua,
na la mtoto wake.

Walichopata: mchele wenye vijiwe, nusu ya kipimo,
nusu nyingine mtama wa ghala la mbali,
mgumu, wa kulishia farasi, walisema,
unaopita tumboni kama mgeni asiyevua viatu.
Muhogo. Matembele. Matembele. Matembele.
Na ukoko. Ukoko waligawana kwa kisu.

Sisi tunaishi Bắc Ninh, ghorofa ya kumi na moja.
Zamu zangu za usiku zimenunua jokofu la milango miwili,
maziwa matamu ya katoni yamejipanga ndani kama askari.
Kuku wa kukaanga hufika kwa pikipiki.
Naam, ni mimi ninayemwagizia. Nani mwingine?
Nikiondoka yuko masomo ya ziada, nikirudi yuko shule.
Mapenzi yangu nayatuma kwenye boksi,
yafike yakiwa na moto.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa:
kwetu wanalala chumba kimoja,
mmoja anakoroma, mwenzake anahesabu.

Daktari Quyên alimpima Khôi kiuno kwa utepe,
kisha, kwa kuwa tupo, akamtoboa bibi kidole.
Sukari. Na yeye pia.
Yeye aliyeiona sukari kwa mwaka mpya tu,
kikombe kimoja kwa nyumba nzima.
Karatasi ikaandikwa moja kwa wote wawili:
wali mweupe upungue. Majani. Viazi vitamu.
Nafaka zisizokobolewa,
mtama, kwa mfano.

Bibi Nhạn akaisoma
kwa uso wa mtu aliyepoteza kijitabu cha mchele.
Hakusema neno hadi kwenye lifti.
"Nilipanga foleni miaka kumi na moja
ili mtu wa damu yangu asile hicho kitu."

Supamaketi, mtama umefungwa utepe wa kijani,
una picha ya msichana mwembamba anayeruka,
na bei mara tatu ya mchele.
Akaugeuza huku na huku, akitafuta kosa.
Mbele yetu foleni ya watu wanne.
Akaitazama. Akasimama mwenyewe.

Jioni akaupika. Mikono haikuwa imesahau:
kuloweka, kumwaga maji, kuloweka tena.
Khôi akatafuna mara moja, akautema mezani.
Nikafungua mdomo, nisijue nimkemee nani.

Bibi akalowesha ncha ya kidole,
kile chenye plasta,
akaanza kuziokota punje, moja moja,
akizila bila hasira, bila somo,
kama mtu anayefunga vifungo vya shati.
Mtoto akamtazama.
Punje moja ilikuwa imenasa ukingoni mwa sahani.
Akaitazama hiyo nayo.

Kisha akauliza
kama chini ya sufuria kuna ukoko.